Kutoka Mwanza hadi Guangzhou kwa Ndege: Umbali, Muda wa Safari na Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo wasafiri wa Mwanza na kanda ya ziwa huyauliza kabla ya kukata tiketi ya Guangzhou, wawe wafanyabiashara wanaofuata samani, vipuri na nguo, au wanafunzi wanaokwenda vyuoni. Umbali uliotajwa umepimwa angani, kiwanja kwa kiwanja, nao umekadiriwa kwa kilomita kumi zilizo karibu. Muda wa kuruka ni wa kawaida, si ahadi. Ratiba hubadilika, na lililoandikwa kwenye tiketi yako ndilo la kufuatwa.

## Umbali

Kutoka Mwanza hadi Guangzhou ni kilomita ngapi?

Kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza, ulioko Ilemela, hadi Uwanja wa Ndege wa Baiyun wa Guangzhou ni takriban kilomita 9,140. Hizo ni sawa na maili za angani 4,935 hivi, ambazo ndizo kipimo cha marubani.

Mbona programu moja inanipa kilomita 9,140 na nyingine inanipa zaidi ya 10,000?

Zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kwa kuwa hazipimi kitu kimoja. Ya kwanza inapima mstari ulionyooka baina ya viwanja viwili, kana kwamba ipo ndege inayoondoka Ilemela na kutua Baiyun bila kusimama. Ya pili inajumlisha vipande vya safari kama vilivyo kwenye tiketi: Mwanza hadi Dar es Salaam, Dar es Salaam hadi Dubai, Dubai hadi Guangzhou. Hata jumla hiyo haitalingana kabisa na njia ambayo ndege itapita, kwa sababu marubani hufuata njia za anga zilizopangwa, hukwepa mawingu ya radi na maeneo yaliyofungwa, na hugeuka kabla ya kutua ili kuukabili upepo.

Kwa msafiri, tofauti ya kilomita mia mbili au tatu haina uzito. Ndege kubwa ya abiria hukata kilomita 900 hivi kwa saa, kwa hiyo kilomita 300 ni dakika 20 tu. Kinachorefusha safari ni kusubiri katikati, na hilo limeelezwa kwenye swali la muda wa safari nzima.

Mstari huo mfupi unapita juu ya nchi zipi?

Ukitoka Mwanza, mstari unaelekea kaskazini-mashariki, unapita Kenya na kusini mwa Somalia, unaingia Bahari ya Arabia, unakata kusini mwa India, unavuka Ghuba ya Bengal, kisha unapita Myanmar, kaskazini mwa Laos na kaskazini mwa Vietnam, na kuingia kusini mwa China. Katikati kamili ya njia ni baharini, kabla ya kufika pwani ya magharibi ya India. Ndege inayotoka Dar es Salaam hupita upande huohuo kwa jumla, ila huanzia kusini zaidi.

Kwenye tiketi yangu imeandikwa CAN. Je, wakala amenikatia ya Canada?

Hapana. CAN ni alama ya uwanja wa Guangzhou, nayo imetokana na Canton, jina la zamani ambalo wageni waliuitia mji huo. Mwanza ni MWZ, na Dar es Salaam ni DAR. Zishike herufi hizo kichwani, kwa maana utazihitaji kwenye mizani ya mizigo.

## Muda wa safari

Safari nzima huchukua saa ngapi?

Saa za kuwa angani ni jambo moja, na saa za kuwa safarini ni jambo jingine. Chukua njia ya Mwanza–Dar es Salaam–Guangzhou. Kipande cha kwanza, cha kilomita 850, ni saa moja na nusu kwa ndege ya jeti. Kipande cha pili, cha kilomita 8,710, ni kati ya saa 10 na saa 11. Jumla ya kuruka haizidi saa 12 na nusu. Ukisubiri Dar es Salaam saa nne, safari ni saa 16 na nusu. Ukisubiri saa 12 kwa sababu ndege ya Mwanza ilikuwa ya asubuhi na ya Guangzhou ni ya usiku, safari ileile inakuwa ya saa 24 na zaidi.

Kwa njia za kupitia Addis Ababa, Dubai au Doha, saa za kuruka peke yake ni 14 hadi 15, na kwa kuwa unasubiri mara mbili, safari nyingi huangukia kati ya saa 20 na 30. Ninaposikia mtu anasema alitumia siku mbili kufika Guangzhou, huwa sina shaka kwamba kilichomla muda ni viti vya kusubiria.

Ongeza pia muda wa ardhini: kuripoti Mwanza mapema, foleni ya uhamiaji Baiyun, na mwendo wa kilomita 28 hivi kutoka uwanja huo hadi katikati ya mji. Treni ya chini ya ardhi, njia namba 3, inaunganisha uwanja na mji, lakini haifanyi kazi usiku kucha. Anayefika usiku wa manane ajiandae kwa teksi.

Kwa nini kurudi huchukua muda mrefu kuliko kwenda?

Sababu ni upepo. Huko juu, kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12 ambako ndege hizi huruka, kuna mkondo wa upepo wa kasi unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na katika miezi ya Desemba hadi Machi mkondo huo hupita kaskazini mwa India na kusini mwa China kwa nguvu nyingi. Anayekwenda Guangzhou anasukumwa nao, na anayerudi anaukabili. Ndiyo maana ndege ileile inayokwenda kwa saa 10 na nusu inaweza kurudi kwa saa 11 au zaidi, na kati ya Addis Ababa na Guangzhou pengo hilo hukaribia saa nzima.

Kati ya Juni na Septemba hali hulegea. Mkondo wa magharibi husogea kaskazini ya milima ya Himalaya, na juu ya kusini mwa India hutokea upepo wa juu unaovuma kinyume chake, kutoka mashariki. Anayesafiri Julai anaweza kuona tofauti ndogo mno kati ya kwenda na kurudi. Kipande cha Mwanza–Dar es Salaam kiko karibu na ikweta, ambako mikondo hiyo haina nguvu, kwa hiyo huko muda wa kwenda na wa kurudi karibu unalingana.

Je, aina ya ndege kati ya Mwanza na Dar es Salaam hubadilisha muda?

Ndiyo, kwa nusu saa hivi. Ndege za jeti kama Airbus A220 hukata kilomita 850 kwa saa moja na dakika 20 hadi saa moja na nusu, ilhali ndege za mapangaboi kama ATR huhitaji karibu saa mbili. Ikiwa tiketi inaonyesha muda mrefu kuliko huo, chunguza kama ndege inapitia Kilimanjaro au mji mwingine njiani.

Kwa nini hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Mwanza?

Uwezo wa ndege si kikwazo. Boeing 787-8, ambayo Air Tanzania huitumia kwenda Guangzhou kutoka Dar es Salaam, ina uwezo wa kuruka zaidi ya kilomita 13,000, na Mwanza–Guangzhou haifiki 9,200. Ingeweza kufika kwa saa 10 na nusu hadi 11.

Vikwazo viko viwili. Uwanja wa Mwanza uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi, hasa jua likiwa kali. Injini na mabawa hupata nguvu pungufu, hivyo ndege iliyojaa mafuta ya saa 11 hulazimika kupunguza abiria au shehena ili iweze kuondoka. Lakini kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni idadi ya abiria: ndege ya aina hiyo inahitaji watu zaidi ya 200 kila inapoondoka, kwenda na kurudi, na kwa sasa abiria wa kanda ya ziwa wanagawanyika katika siku na njia nyingi mno. Kwa upande wa mizigo historia ni tofauti, kwani ndege kubwa za shehena zilishatua Mwanza kwa miaka mingi kubeba minofu ya sangara kwenda Ulaya.

## Kuchagua njia

Njia ipi ni fupi: Dar es Salaam, Nairobi, Addis Ababa, Dubai au Doha?

Kwa kilomita, Nairobi inashinda kwa namna ya kushangaza. Kutoka Mwanza hadi Nairobi ni kilomita 460 hivi angani, na kutoka Nairobi hadi Guangzhou ni takriban 8,680. Jumla ni 9,140, yaani Nairobi iko karibu kabisa na ule mstari mfupi wenyewe, na kupitia hapo hakuongezi kitu. Kupitia Dar es Salaam ni kilomita 9,560, kwa sababu unaanza kwa kwenda kusini-mashariki kabla ya kugeuka.

Addis Ababa na Dubai, ambazo watu hubishana sana kuzihusu, ziko sawa: kila moja, ukiifikia kutoka Mwanza kwa kupitia Dar es Salaam, inaleta jumla ya kilomita 10,650 hivi. Kupitia Addis Ababa kipande kirefu kinakuja mwishoni, kilomita 8,040 kwa mkupuo mmoja. Kupitia Dubai safari inakatika karibu katikati, kilomita 3,970 kisha 5,830. Mwenye miguu inayovimba au mwenye mtoto mdogo atapenda ya Dubai. Anayetaka kulala usingizi mmoja mrefu atapenda ya Addis Ababa. Doha inafuata kwa kilomita 10,870.

Pamoja na ushindi wa Nairobi kwenye ramani, ugumu uko kwenye kipande cha kwanza. Asiyepata ndege ya moja kwa moja kutoka Mwanza siku anayoitaka atapanda basi kupitia Sirari, safari inayomaliza mchana au usiku mzima, na hapo faida yote ya kilomita inakwisha.

Entebbe iko ng'ambo ya ziwa tu. Kwa nini nisiondokee huko?

Ni kweli kwamba Entebbe iko jirani: kilomita 280 tu kwa mstari ulionyooka juu ya maji, theluthi moja ya umbali wa Dar es Salaam. Lakini barabara inazunguka ziwa lote upande wa magharibi, kupitia Geita, Muleba, Bukoba na mpaka wa Mutukula. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikiharibu mahesabu ya safari hiyo, ila bado ni mwendo wa siku nzima. Kisha kutoka Entebbe utapitia Addis Ababa au Dubai vilevile. Njia hii inamfaa mtu wa Bukoba au Kyaka kuliko mtu wa Nyamagana.

Nikienda Dar es Salaam kwa basi nitaokoa nini?

Fedha, si muda. Barabara ya kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro ni zaidi ya kilomita 1,100, na basi huhitaji siku nzima au usiku mzima. Tangu treni ya reli ya kisasa ianze safari kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, wapo wanaoshukia Dodoma na kumalizia kwa treni. Kwa vyovyote, fika Dar es Salaam siku moja kabla ya ndege ya Guangzhou. Basi likiharibikia Sekenke, ndege haitakusubiri.

## Kuunganisha ndege

Niache muda gani Dar es Salaam kati ya ndege mbili?

Kwa kwenda, nashauri saa nne. Safari za kimataifa za Uwanja wa Julius Nyerere huondokea Jengo la Tatu, lililofunguliwa mwaka 2019, na ndege nyingine za ndani hutua Jengo la Pili, kwa hiyo huenda ukalazimika kuchukua begi, kutoka nje na kuhamia jengo jingine kabla ya kuanza foleni ya kuripoti. Soma kwenye tiketi jengo unalotua na jengo unaloondokea.

Kwa kurudi, saa nne hizohizo zinaweza kubana. Dar es Salaam ndiyo mlango wako wa kuingilia nchini, hivyo uhamiaji na forodha humalizikia hapo, na mara nyingi mzigo huchukuliwa na kupimwa upya kwa safari ya ndani. Mfanyabiashara mwenye mabegi ya sampuli atakayefunguliwa moja baada ya jingine asikate ndege ya Mwanza inayoondoka saa mbili baada ya kutua.

Ni bora tiketi moja au tiketi mbili tofauti?

Tiketi moja, hata ikizidi bei kidogo. Vipande vyote vikiwa kwenye tiketi moja, ndege ya Mwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kukutafutia nafasi kwenye ndege inayofuata. Ukiwa na tiketi mbili ulizokata mbalimbali, shirika la Guangzhou litakuhesabu kuwa mtu ambaye hakufika, na nauli inaweza kupotea yote. Anayekata mbili kwa sababu za bei alale Dar es Salaam usiku mmoja. Gharama ya gesti ni ndogo kuliko ya tiketi mpya.

Nitajuaje kama mzigo unakwenda moja kwa moja?

Itazame lebo inayofungwa kwenye mpini wa begi kabla haijaondoka kwenye mkanda. Ina herufi tatu kubwa kuliko maandishi mengine yote. Zikiwa CAN, begi litaonekana tena Guangzhou. Zikiwa DAR, utalichukua Dar es Salaam na kuliripoti upya. Pale kwenye mizani ya Mwanza ndipo pa kuuliza, kwa sababu ukishapita ukaguzi hakuna wa kukusahihishia. Chunga pia uzito: mwenye tiketi moja kwa kawaida hubeba kiwango cha safari ya kimataifa tangu Mwanza, na mwenye tiketi mbili hupimwa kwa kiwango cha ndani, ambacho ni kidogo.

## Saa na tarehe

Tofauti ya saa kati ya Mwanza na Guangzhou ni ngapi?

Guangzhou iko mbele kwa saa tano, mwaka mzima. Tanzania haisogezi saa kwa majira, na China iliacha utaratibu huo baada ya mwaka 1991. Isitoshe, China nzima hutumia saa moja, kwa hiyo ukiunganisha kwenda Yiwu au Beijing hutabadilisha tena.

Tuseme, kwa mfano, ndege inaondoka Dar es Salaam saa 4:00 usiku na kuruka saa 10 na dakika 40. Kwa saa ya nyumbani utatua saa 2:40 asubuhi, lakini saa ya ukutani Baiyun itasoma 13:40, yaani saa 7:40 mchana. Kwenye tiketi itaonekana kana kwamba umeruka karibu saa 16. Wakati wa kurudi inageuka: unaondoka saa 7:00 usiku, unaruka saa 11, na unatua Dar es Salaam saa 1:00 asubuhi, kana kwamba safari ilikuwa ya saa sita.

Tiketi inasema 00:40 tarehe 14. Niende uwanjani siku gani?

Nenda jioni ya tarehe 13. 00:40 ni saa 6:40 usiku wa kuamkia tarehe 14. Anayekwenda jioni ya tarehe 14 amechelewa kwa karibu siku nzima, na jambo hili huwapata watu kila mwaka, hasa kwenye tiketi za kurudi, kwa sababu ndege nyingi kutoka Guangzhou huondoka baada ya saa sita usiku. Mwombe wakala akuandikie kwa kalamu pembeni: siku ya juma, tarehe, na saa ya Kiswahili. Kukiwa na alama +1 kando ya saa ya kufika, maana yake unatua siku inayofuata.

## Hali za pekee

Mvua za ziwani zinaweza kuvuruga safari?

Zinaweza. Ziwa Victoria huzalisha dhoruba za radi usiku na alfajiri, zaidi katika misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na ndege ya kwanza ya asubuhi inaweza kucheleweshwa na wingu ambalo saa nne asubuhi halipo tena. Katika miezi hiyo, aliyepanga kuunganisha kwa saa mbili Dar es Salaam anacheza kamari. Tazama swali la muda wa kuacha Dar es Salaam kati ya ndege mbili.

Ni miezi gani ndege za Guangzhou hujaa?

Maonesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka: Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Wakati huo viti na hoteli hupanda bei, na tiketi zinazobaki ni zile zenye kusubiri kurefu. Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya Januari na Februari, ni tatizo la namna nyingine: nafasi inaweza kupatikana, lakini viwanda na maduka yamefungwa.

Ninameza dawa kwa saa maalumu. Nifuate saa ipi?

Wakati wa safari, hesabu saa zilizopita tangu dozi ya mwisho, wala usifuate saa ya ukutani. Dawa ya kila saa 24 unayomeza saa 2:00 usiku Mwanza inaangukia saa 7:00 usiku Guangzhou. Jinsi ya kuisogeza ni jambo la kumuuliza daktari kabla ya kuondoka, hasa kwa wanaotumia insulini. Dawa ziwe kwenye begi la mkononi.

Nikisafiri nimefunga Ramadhani, nitafuturu kwa saa ya wapi?

Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku hiyo baadaye, na wengi huitumia. Anayeamua kuendelea na saumu hufuata jua analoliona kutoka pale alipo angani, wala si saa ya Mwanza au ya Guangzhou. Kwenda mashariki, kila saa moja ya kuruka ni kama saa moja na nusu ya mwendo wa jua, kwa hiyo magharibi itakuja mapema kuliko ilivyotarajiwa. Kurudi ni kugumu: ndege inalifuata jua, mchana unarefuka mno, na anayeondoka Guangzhou asubuhi anaweza kutua Dar es Salaam jua likiwa bado juu. Ukiwa angani jua huonekana kwa dakika kadhaa baada ya walio ardhini kuliona limezama. Muulize mhudumu, kwa kuwa mashirika mengi yanayobeba Waislamu hutangaza wakati wa kufuturu ndani ya ndege.